Mlango mmoja, funguo mbili: msuli unavyochukua sukari mtu wa kisukari akifanya mazoezi

#1 Mkufunzi_Ngara

Wadau, nyuzi za lishe humu hufika kurasa ishirini tukibishana ugali wa unga wa kinu na chapati za ngano nzima. Sukari hiyo inakoishia baada ya kumeng'enywa, kimya. Leo tuzungumzie msuli.

Anzeni na hesabu ndogo. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Kipimo kikiwa 5.5 mmol/L, glukosi yote iliyo ndani ya damu hiyo ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Chapati moja nene inaleta wanga wa gramu 40 na ushei. Lazima itoke kwenye damu upesi, na ghala kubwa kuliko yote ni misuli, ambayo huweka takriban gramu 400 za glikojeni, yaani sukari ya akiba. Ini huweka kama 100. Katika vipimo vya maabara ambapo mtu hutiwa insulini mshipani mfululizo huku akiongezewa glukosi ili isishuke, misuli huchukua karibu 80% ya glukosi hiyo.

Mlango wa kuingilia msulini unaitwa GLUT4. Ni protini inayokaa ndani ya seli kwenye vifuko vidogo, na husogezwa hadi kwenye utando wa nje inapohitajika. Insulini ni ufunguo wa kwanza: inashika kipokezi chake, ujumbe unapita protini za IRS-1, PI3K na Akt, hadi nyingine iitwayo AS160. Hii AS160 ni breki. Ikibandikwa fosfeti inaachilia, vifuko vinasogea, mlango unafika ukutani. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili ujumbe huo hukwama mapema, pale kwenye IRS-1 na PI3K, na mojawapo ya sababu ni mabaki ya mafuta yaliyorundikana ndani ya msuli wenyewe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba milango ya GLUT4 ndani ya msuli wake kwa kawaida haijapungua sana. Imo ghalani, haijaitwa.

Ufunguo wa pili ni mkazo wa msuli. Msuli ukijikaza, kalisiamu humwagwa ndani ya seli, nishati ya ATP hutumika na kimeng'enya AMPK huamka, nyuzi huvutana na kuamsha protini nyingine kama Rac1. Ishara zote hizi huifikia GLUT4 bila kupitia IRS-1. Ndiyo maana mtu ambaye insulini yake inasukuma bila kusikika bado msuli wake hufungua mlango akitembea. Kwa aina ya pili ufunguo huu haujaguswa.

Mlango peke yake hautoshi. Damu lazima ifike, na ndiyo sababu mtiririko kwenye msuli unaofanya kazi huongezeka mara nyingi na kapilari zilizokuwa zimetulia hupitisha damu. Kisha glukosi ikishaingia, kimeng'enya kiitwacho heksokinesi huibandika fosfeti, na hapo haitoki tena, kwa sababu msuli, tofauti na ini, hauna kimeng'enya cha kuibandua. Kwa hiyo faida hubaki kwa msuli uliofanya kazi. Ukikanyaga pedali kwa mguu mmoja, ni mguu huo utakaosikia insulini vizuri kesho yake. Mwenzake hapati kitu. Anayetaka sukari ishuke atumie mapaja na makalio kwanza. Mikono ni midogo mno kwa kazi hii.

Sasa saa. Ukimaliza mazoezi, kazi ya ufunguo wa mkazo hufifia ndani ya saa mbili tatu. Inayobaki nyuma yake ni nyingine: msuli ulioishiwa glikojeni husikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 48. Hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya kutopitisha siku mbili mfululizo bila mazoezi, na ya kuzigawa zile dakika 150 za wiki kwenye siku kadhaa. Haikubuniwa ili iwe rahisi kukumbuka. Mtu anayefanya dakika 150 zote Jumamosi huko msitu wa Karura anafungua mlango hadi Jumatatu, halafu Jumanne hadi Ijumaa umefungwa.

Wiki kadhaa za mazoezi ya mfululizo huongeza idadi ya GLUT4 zenyewe, heksokinesi, kapilari na mitokondria. Ukiacha, sehemu ya faida hiyo huanza kupotea ndani ya siku chache tu.

#2 Nesi_Umoja

Umeeleza vizuri, Mwalimu, ila ile 80% iwekwe mahali pake. Ni ya maabara, insulini ikiwa juu. Baada ya mlo wa kawaida ini huchukua sehemu yake, ubongo nao hausubiri mtu, na fungu la msuli hushuka hadi theluthi hivi. Tusije tukaambiwa kila kinacholiwa kinakwenda mapajani.

Swali ambalo kliniki huulizwa kila wiki: mtu amepima 8.2, lifti imekufa, amepanda ngazi mbio hadi ghorofa ya sita, amepima tena anakuta 10.6. Anaamua mazoezi yanampandishia sukari na anaacha. Ajibiwe nini?

#3 Mkufunzi_Ngara

Nakubali sahihisho.

Kuhusu ngazi, msuli wake umechukua sukari nyingi tu. Shida ni kwamba ini limetoa nyingi zaidi. Mwili ukikimbizwa ghafla, adrenalini hupanda na kuliamuru ini limwage glukosi, na agizo hilo huenda mbele ya matumizi. Mtu asiye na kisukari hufidia kwa insulini ya ghafla mara anaposimama. Kongosho la mwenye kisukari haliwezi kufidia hivyo, kwa hiyo kiwango hubaki juu kwa muda, kwa kawaida saa moja au mbili, kisha kinashuka.

Asiongeze insulini papo hapo. Kiwango hicho kitashuka chenyewe wakati msuli unajaza glikojeni, na dozi ya kusahihisha itakutana na mteremko huo njiani. Atembee polepole dakika 10 hadi 15, anywe maji, apime tena baada ya dakika 60 hadi 90. Kipimo hicho cha pili ndicho cha kuandikwa daftarini.

Na wenye aina ya kwanza hutumia tabia hii kwa makusudi. Mazoezi ya nguvu kabla ya kukimbia hupunguza kasi ya sukari kushuka, na mbio kali ya sekunde 10 mwishoni mwa matembezi huizuia isiporomoke kwa muda mfupi baada ya hapo. Si kinga ya usiku kucha, tafadhali.

#4 Mfamasia_Pangani

Nimesubiri mtu ataje dawa. Bila dawa uzi huu una nusu tu ya ukweli, na ni ile nusu isiyoua.

Kwa mtu asiye na kisukari, akianza kutembea insulini yake kwenye damu hushuka yenyewe. Kushuka huko ndiko kunakoliruhusu ini kutoa glukosi kulingana na msuli unavyoimeza. Insulini ya sindano haijui kwamba umeanza kutembea. Inaendelea kufungua mlango kwa ufunguo wa kwanza huku miguu ikifungua kwa ufunguo wa pili, na wakati huohuo inalifunga ini mdomo. Hapo sukari haishuki, inaanguka.

Metfomini pekee haileti shida hiyo kwa urahisi, sitagliptini vilevile. Anayetumia hizo tu atembee bila kubeba soda mkobani. Sulfonilurea, yaani glibenklamaidi, glimepiraidi, gliklazaidi, ni habari nyingine: hulisukuma kongosho litoe insulini hata sukari ikiwa chini. Glibenklamaidi ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa wazee na wenye figo dhaifu, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Mzee anayeitumia na ameanza kutembea kila siku amweleze daktari, maana dozi iliyomfaa akiwa amekaa inaweza kuwa kubwa kwake sasa.

Insulini ya mchanganyiko 70/30 ndiyo wengi wetu hapa Nairobi tunaiona. Asilimia 70 ni ile ya polepole yenye rangi ya maziwa, NPH (30 ni ya haraka), na kilele chake huja kati ya saa 4 na 10 baada ya sindano. Ukidunga saa moja asubuhi, kilele kinaanza saa tano asubuhi na kinakwenda hadi saa kumi na moja jioni. Sasa mtazame mtu anayefanya kazi Industrial Area, ameruka chakula cha mchana ili awahi, anatembea hadi mjini saa nane. Funguo mbili zimezungushwa pamoja, na tumboni hakuna kitu. Akianguka karibu na daraja watu watasema amelewa.

Na mchanganyiko huu una kasoro: huwezi kupunguza fungu moja bila kupunguza lingine. Anayetumia insulini ya haraka kabla ya kila mlo anaweza, akikubaliana na kliniki yake, kupunguza dozi ya mlo ulio karibu na mazoezi: 25% kwa matembezi mepesi, 50% kwa ya wastani, 75% kwa makali, mazoezi yakiwa ndani ya saa mbili tatu za sindano hiyo. Wa 70/30 mara nyingi ni rahisi zaidi kuongeza chakula kuliko kucheza na chupa.

Mahali pa kudunga: ukidunga paja kisha ukakimbia, insulini hufyonzwa kwa kasi. Siku ya mazoezi tumia tumbo. Wanaotumia bomba la sindano wabane ngozi kwanza, kwa sababu sindano ikizama hadi kwenye msuli kasi huwa kubwa zaidi na haitabiriki.

Mbili za mwisho. Atenololi na propranololi, ambazo wengi wenye presha wanazo, huficha mapigo ya moyo na mikono kutetemeka sukari ikishuka. Jasho halifichwi. Jasho la baridi katika hali ya ubaridi ya Julai si la kawaida, pima. Na dawa za kisukari dapagliflozini au empagliflozini hukojoza sukari pamoja na maji: kunywa maji ya kutosha, na ukiwa mgonjwa, unatapika au huli, mpigie daktari kuhusu kuisimamisha, kwa sababu ketoni, yaani asidi zinazotokana na mafuta kuvunjwa, zinaweza kupanda ilhali kipimo cha sukari hakitishi.

#5 Nesi_Umoja

Basi niongeze namba za mlangoni, kabla ya kufunga kamba za viatu. Hizi ni za anayetumia insulini au sulfonilurea.

Chini ya 5.0: usitoke. Kula wanga wa haraka gramu 15 hivi, subiri, pima tena.
5.0 hadi 7: gramu 10 hadi 15 kama utazidisha nusu saa. Ndizi moja ndogo inatosha.
7 hadi 10: nenda.
10 hadi 15: nenda, beba maji.
Juu ya 15 na huelewi imefikaje huko: wa aina ya kwanza apime ketoni. Kwa kipimo cha damu, 1.5 na kuendelea hakuna mazoezi, ni kutibiwa. 0.6 hadi 1.4, shughulikia hilo kwanza. Asiyekuwa na kipimo cha damu atumie vijiti vya mkojo vya kemisti, na alama mbili za kujumlisha zimpeleke hospitali.

Sababu ya hili la ketoni iko palepale alipoanzia Mwalimu. Bila insulini kabisa, msuli ukikazwa bado utachukua sukari kidogo, lakini ini limefunguka bila breki na mafuta yanavunjwa kuwa ketoni. Mazoezi huongeza kuni kwenye moto huo.

Mtu wa aina ya pili anayetumia metfomini, amepima 16, hana homa, hana kiu ya ajabu: matembezi mepesi yanaruhusiwa na yatamsaidia. Asikimbie.

Aliyeshikwa na sukari kushuka vibaya, kiasi cha kusaidiwa na mtu mwingine, ndani ya saa 24 zilizopita, apumzike leo. Ulinzi wa mwili dhidi ya sukari kushuka tena huwa imelegea.

Ikishuka chini ya 4.0 njiani: simama, keti. Gramu 15 za sukari ya haraka. Hiyo ni nusu ya chupa ya soda ya ml 300, au vijiko vinne vya chai vya sukari bapa ndani ya maji, au kijiko kikubwa kimoja cha asali. Soda isiyo na sukari haina kazi hapa, na wenye vibanda wakati mwingine hutoa hiyo wakisikia "mgonjwa wa sukari", soma kifuniko. Mandazi, chokoleti na chai ya maziwa hazifai: mafuta huchelewesha. Subiri dakika 15, pima. Bado chini, rudia. Ikipanda na mlo uko mbali, kula kipande cha mkate. Usianze tena kutembea hadi izidi 5.0.

Aliyezimia hapewi kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali. Naandika hili kwa sababu bado watu wanamimina soda kinywani mwa mtu aliyelala.

Usiku ndio unaowashangaza wengi. Mtu amecheza mpira saa kumi na moja jioni, amelala na 7.5, anaamka saa tisa usiku na shuka limelowa. Msuli bado unajaza ghala. Dirisha hilo huwa saa 6 hadi 15 baada ya mazoezi. Kwa siku kama hiyo pima kabla ya kulala, na mara chache za mwanzo pima pia saa tisa usiku hadi ujue mwili unaendaje. Wa aina ya kwanza huongea na daktari kuhusu kupunguza insulini ya usiku kwa takriban 20%.

#6 Lishe_Kasarani

Naingia kwenye swali la lini, maana ndilo lililonileta humu.

Baada ya mlo sukari hufika kilele kati ya dakika 60 na 90 hivi. Ukianza kutembea dakika 15 hadi 30 baada ya kumaliza kula, ufunguo wa mkazo unafunguka wakati sukari inapanda. Watafiti wa New Zealand walichapisha mwaka 2016 ulinganisho wa watu 41 wenye aina ya pili: wiki mbili za kutembea dakika 30 kwa siku saa yoyote, na wiki mbili za dakika 10 baada ya kila mlo. Jumla ya dakika ni ileile. Kupanda kwa sukari baada ya mlo kulikuwa chini kwa 12% kwenye mpango wa dakika 10, na baada ya chakula cha jioni tofauti ilifika 22%.

Jioni ndipo penye wanga wetu. Ugali, wali, chapati, saa mbili usiku, kisha kochi na taarifa ya habari. Kutembea nje usiku mtaani si kila mtu anaweza, na sioni sababu ya kumshauri mama wa Kayole azunguke gizani kwa ajili ya GLUT4. Tembea ndani ya ploti, panda na ushuke ngazi polepole, au piga hatua papo hapo mbele ya televisheni dakika 10 magoti yakipanda hadi kiunoni. Msuli hausomi ramani.

Kazi za kukaa: simama kila nusu saa, dakika tatu za kutembea au kuchuchumaa nusu. Kwenye foleni ya Jogoo Road husimami, kwa hiyo shuka steji mbili kabla.

Asubuhi kabla ya kula, msitegemee sana. Ini saa hizo linatoa sukari, homoni za alfajiri ziko juu, na wengi huona kipimo kimebaki palepale au kimepanda kidogo. Mazoezi hayo si hasara, faida yake kwa usikivu wa insulini ipo. Lakini kama una nafasi moja tu asubuhi, iweke baada ya kifungua kinywa, ambacho kwa wengi ndicho kinacholeta kilele kikubwa kuliko vyote.

#7 Roysambu_Kijana

Kuna video inazunguka WhatsApp: kaa tu kitini, inua visigino, inashinda kutembea. Ni kweli?

#8 Mkufunzi_Ngara

Chimbuko lake ni utafiti wa Houston wa mwaka 2022 kuhusu msuli wa ndani wa shavu la mguu, soliasi. Msuli huo unaweza kufanya kazi muda mrefu bila kuchoka kwa sababu hutegemea glikojeni kidogo sana. Matokeo yalikuwa makubwa, ila ilikuwa ni saa nyingi za kuinua visigino kwa mtindo uliofunzwa na kupimwa kwa vifaa, si mara ishirini ukisubiri chai. Idadi ya watu ilikuwa ndogo. Fanya ukiwa kwenye matatu, haina madhara. Ni kitoweo hicho, ugali ni kutembea.

#9 Chuma_Dandora

Mmenisahau mimi wa vyuma. Kutembea hutumia msuli uliopo. Mazoezi ya nguvu huongeza ghala lenyewe. Mzee wa miaka 65 aliyekonda mapaja ana mahali padogo pa kuweka sukari hata funguo zote zikifanya kazi. Siku mbili au tatu kwa wiki, zisizofuatana.

Huhitaji ada ya jimu. Jerikeni la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, la lita 20 ni kilo 20 na lile kila nyumba inalo. Mazoezi matano yanatosha:

Kuketi na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara 10 hadi 15. Ukizidisha 15 kirahisi, kumbatia jerikeni la lita 5 kifuani.
Kujisukuma ukutani, viganja usawa wa mabega, miguu hatua moja nyuma.
Kuvuta jerikeni ukiwa umeinama mkono mmoja mezani, kiwiko kipite ubavu.
Kulala chali magoti yamekunjwa, kuinua makalio, kuhesabu tatu juu.
Kubeba majerikeni mawili sawa na kutembea korido mita 20. Moja likiwa zito kuliko jingine mgongo ndio unaolipa.

Anza na seti moja kila zoezi, wiki ya tatu mbili, baadaye tatu. Uzito unaofaa ni ule ambao mara mbili za mwisho ni ngumu lakini umbo halivunjiki. Jerikeni lijazwe hadi juu: maji yakiwa nusu yanacheza ndani na kukuvuta kiuno. Makosa ninayoyaona zaidi ni kuziba pumzi. Toa pumzi unapoinua. Pumzi ikizibwa presha hupanda ghafla, na mwenye mishipa mipya dhaifu nyuma ya jicho anaweza kuvuja damu ndani ya jicho. Aliyeambiwa na daktari wa macho ana hali hiyo asiinue vizito, asiruke, asiiname kichwa chini hadi atibiwe.

#10 Nesi_Umoja

Chuma, asante kwa la macho. Miguu nayo, maana hapa ndipo mazoezi humpeleka mtu wodini. Aliyepoteza hisia nyayoni hasikii kokoto. Kabla ya kuvaa, pindua kiatu ukigonge, pitisha mkono ndani. Raba za mitumba za Gikomba ni nzuri tu, lakini soli ya ndani huwa imechukua umbo la mguu wa mtu mwingine: itoe, weka mpya, na acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Nunua alasiri miguu ikiwa imevimba kidogo. Soksi bila mshono mkubwa, rangi nyepesi ili damu au usaha uonekane. Ukirudi tazama nyayo kwa kioo. Pekundu pasipoisha baada ya nusu saa ni kiatu kibaya. Mwenye kidonda afanye mazoezi ya kukaa hadi kipone, na ile ya kutembea peku kwenye nyasi aachane nayo.

Kifua kubana, pumzi kukata kuliko kawaida, maumivu ya taya au mkono: simama, hospitali. Kisukari wakati mwingine huficha maumivu ya moyo, kwa hiyo uchovu wa ajabu usiokuwa na sababu nao uhesabiwe.

#11 Binti_Eastleigh

Ramadhani je? Baba anatumia 70/30 na anapenda kutembea saa kumi na moja jioni kabla ya kufuturu.

#12 Mfamasia_Pangani

Dada, hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Hajala tangu daku, ghala la ini limepungua, insulini bado ipo. Ahamishie matembezi baada ya futari, na tarawehe ihesabiwe kama mazoezi kamili: kusimama, kurukuu, kusujudu, rakaa nyingi, ni kazi ya mapaja. Kama atasali zote asiongeze matembezi marefu usiku huo. Maji kati ya futari na daku. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 afungue, na kupima kidole hakubatilishi saumu. Muhimu kuliko yote, dozi za Ramadhani zipangwe na kliniki wiki kadhaa kabla, kwa sababu dozi ya asubuhi na ya jioni kwa kawaida hubadilishwa.

#13 Lishe_Kasarani

Watu wataniuliza faraghani wajuaje kama inafanya kazi kwao, na stripu za kupimia sukari si bei ya nyanya. Stripu nane zinatosha, siku nne.

Chagua mlo mmoja unaoweza kuurudia sawasawa, mathalani chapati mbili na dengu bakuli moja. Siku ya kwanza na ya tatu: pima kabla ya kula, kula, kaa, pima saa moja na nusu tangu tonge la kwanza. Siku ya pili na ya nne: vilevile, ila dakika 20 baada ya kumaliza tembea dakika 15, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Pima wakati uleule. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili kila siku, kisha linganisha siku za kukaa na za kutembea.

Yanayoharibu jaribio: mikono yenye juisi ya embe, kipimo kitasema 14 na damu iko 8, kwa hiyo osha kwa maji na ukaushe. Kuanza kuhesabu muda baada ya kumaliza kula badala ya mwanzo. Kukimbia badala ya kutembea, halafu kukutana na adrenalini ya ngazi za Nesi. Stripu zilizoachwa wazi bafuni. Na siku ya kukaa isifuate siku uliyofua nguo za wiki nzima au kubeba maji ghorofa ya nne, kwa sababu msuli bado unakumbuka.

#14 Roysambu_Kijana

Kwa hiyo siku ya kwanza niifanye Jumatatu, na Jumapili nisifue?

#15 Lishe_Kasarani

Fua Ijumaa.